Mwanangu, ujaji unaanzia kwenye jalada lako la leo

Mwanangu Neema,

Barua yako nimeisoma. Unasema hakimu mfawidhi wenu, yaani msimamizi wa mahakama yenu, ameteuliwa kuwa Jaji wa Mahakama Kuu, nawe, hakimu mkazi wa mwaka wa tatu, unataka kujua hakimu hufikaje huko na ujiandae vipi tangu sasa.

Sharti la Katiba ya Tanzania ni fupi. Ibara ya 109 inataka shahada ya sheria ya chuo kikuu kinachotambuliwa, na miaka isiyopungua 10 ya uhakimu, au ya utumishi wa umma ukiwa na sifa za uwakili, au ya uwakili wa kujitegemea. Rais akiridhika na uwezo wa mtu anaweza kutengua sharti hilo la miaka, ila usipange maisha yako juu ya hilo. Uteuzi ni wake, baada ya kushauriana na Tume ya Utumishi wa Mahakama, ambayo mwenyekiti wake ni Jaji Mkuu. Bunge halipigii kura jina la jaji kama Seneti ya Marekani inavyofanya. Hutapata siku ya kujieleza mbele ya wabunge. Majalada yako ndiyo yanayokusemea. Rufaa ikitoka kwako inapanda Mahakama Kuu Kanda ya Dodoma, na huko jaji anausoma mwenendo wa shauri ulioandika mstari kwa mstari.

Kwa hiyo nitakaa zaidi kwenye jalada. Kesi nyingi haziharibiki kwa hakimu kutojua sheria, zinaharibika kwa kuruka hatua. Mshtakiwa akisema "ni kweli", usiishie hapo. Yaandike maneno yake yalivyo, mwendesha mashtaka asome maelezo yanayogusa kila kipengele cha kosa, kisha umuulize tena mshtakiwa kama anayakubali. Anayesema "ni kweli nilimpiga, lakini alikuwa amenikaba" hajakiri kosa, ametoa utetezi. Ukimfunga kwa kauli hiyo, hukumu haitasimama.

Vielelezo navyo. Chukua PF3, ile fomu ya polisi anayojaza daktari, au maelezo ya onyo, yale aliyoyatoa mshtakiwa polisi: shahidi akitambue, mshtakiwa aulizwe kama ana pingamizi, ukipokee na kukipa alama, ndipo kisomwe kwa sauti mahakamani. Kisiposomwa, Mahakama ya Rufani hukiondoa kwenye kumbukumbu. Daktari akiwa ameeleza kwa mdomo alichokiona, kesi inaweza kupona. Asipokuwa ameeleza, inaweza kuanguka. Fikiria mtoto aliyeletwa kutoka kijiji cha mbali huko Chemba kueleza alivyobakwa, halafu ushahidi unaanguka kwa sababu hakimu alikuwa na haraka. Hilo linaniuma kuliko kosa jingine lolote la mahakamani. Na mtoto huyo, ikiwa hajazidi miaka 14 na hatatoa ushahidi kwa kiapo, sheria tangu marekebisho ya 2016 inataka aahidi kusema kweli na si uongo. Andika ahadi yake kabla ya neno la kwanza la ushahidi.

Ukipokea jalada la mwenzako aliyehamishwa, andika kwa nini yeye hakumaliza, na mshtakiwa aelezwe haki yake ya kuomba mashahidi waitwe tena. Mistari mitatu inatosha. Ikikosekana, kazi ya miaka miwili inaweza kuanza upya.

Kwenye hukumu, weka hoja za kuamua, uamuzi, sababu, tarehe na saini. Kosa ninaloliona sana ni hakimu kupima ushahidi wa Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, peke yake, kuandika kwamba kesi imethibitishwa bila kuacha shaka, kisha kuupa utetezi sentensi moja ya kuukataa. Upime utetezi kabla hujafikia uamuzi. Na siku 90 tangu usikilizaji umalizike zisipite kabla hujaitoa hukumu.

Shauri likizidi miezi 12 katika ngazi yako linahesabiwa kuwa mlundikano. Huku kwetu mvua za Desemba hadi Aprili hukata barabara za vijijini, kwa hiyo mashahidi wa mbali wapangie kiangazi, na wa mjini uwasikilize masika.

Ukishakomaa unaweza kupewa mamlaka ya nyongeza, usikilize hata mauaji yaliyohamishiwa kwako na Mahakama Kuu. Rufaa ya shauri hilo inakwenda moja kwa moja Mahakama ya Rufani. Usiikwepe kazi hiyo hata ikikulemea, maana ndiyo kazi ya jaji yenyewe.

Maadili nisiyarefushe. Ibara ya 113A inakuruhusu kupiga kura tu, siyo kujiunga na chama. Jitoe hata kwenye makundi ya simu ya wanasiasa. Usipande gari la mtu mwenye shauri kwako. Malalamiko dhidi ya mahakimu husikilizwa na kamati za maadili za wilaya na mkoa, zinazoongozwa na Mkuu wa Wilaya na Mkuu wa Mkoa. Tamko la mali lifike Sekretarieti ya Maadili ya Viongozi wa Umma kabla ya 31 Desemba.

Jaji wa Mahakama Kuu hustaafu akiwa na miaka 60, wa Rufani 65, hivyo muda unao. Kila mwezi ingia TanzLII, tovuti ya hukumu na sheria za Tanzania, tafuta hukumu za rufaa zilizotoka mahakama za wilaya za Kanda ya Dodoma, usome zile zilizobatilishwa. Kisha fungua jalada lako la wiki hiyo utafute kosa lile lile kabla wengine hawajalikuta.

Mimi baba yako,
Dodoma