Usimtwishe Mwanao Godoro

Juzi dada mmoja wa Mbagala ameniandikia. Mwanawe ana miaka minane, bado anakojoa kitandani. Shangazi mtu amemtwisha godoro kichwani akampitisha mtaani ili aone aibu aache. Sasa mama anaomba dawa. Jibu langu haliwezi kuwa fupi, kwa sababu hayo nimeyaishi.

Mwanangu wa kwanza alikojoa mpaka darasa la tatu. Nyumba ya kupanga haina siri: kamba ya kuanikia ni moja, na watoto wote wanajua shuka ile ni ya nani. Mawifi zangu walisema nimemlea kizembe, mtoto ni mvivu wa kuamka, achapwe. Maneno hayo yananiuma hadi leo. Siku moja mume wangu akawakata kauli: yeye mwenyewe alikojoa mpaka anakaribia kumaliza shule ya msingi, na dada zake hao hao ndio waliokuwa wakimwimbia. Daktari alitueleza baadaye kwamba jambo hili hufuata ukoo. Mzazi mmoja akiwa alikuwa kikojozi, uwezekano wa mtoto ni kama asilimia 40. Wakiwa wote wawili, unafika asilimia 70 na zaidi. Sasa mtoto anachapwa kwa kosa gani? Amelala! Dada yangu, mkatalie wifi yako hata kama ni mkubwa kwako.

Kliniki hawakuanza na dawa. Daktari aliuliza kama mtoto aliwahi kukaa mkavu miezi sita kisha akaanza upya, kama ana kiu isiyoisha, amekonda, au mkojo unauma au una damu. Akapima mkojo na sukari. Akauliza na selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, kwani figo za watoto wenye ugonjwa huo hushindwa kukoleza mkojo, unakuwa mwepesi na mwingi, ndiyo maana wengi wao hukojoa usiku. Kwetu kilichoonekana ni choo kigumu, kwa kuwa utumbo uliojaa hukibana kibofu. Mapapai, maharage, maji ya kutosha mchana na dawa ya kulainisha choo vilitusaidia sana.

Kilichomaliza kazi ni kengele. Shemeji yangu aliileta kutoka Uingereza: kidude kinabanwa kwenye chupi, tone la kwanza likikigusa kinalia. Mwanzoni nyumba nzima iliamka isipokuwa mwenyewe. Nikawa namwamsha mimi, anakwenda chooni kwa miguu yake, tunabadilisha shuka, tunaitega tena. Huchukua wiki 8 hadi 16, kila usiku bila kuruka, mpaka apate usiku 14 mkavu mfululizo. Wengi hukata tamaa katikati. Mimi sikukata. Likizo hii amelala kwa bibi yake Tanga, chumba kimoja na binamu zake, na shuka ya akiba niliyomfungia imerudi haijakunjuliwa. Najivunia mwanangu, najivunia na mimi.

Vidonge vipo. Desmopresini hupunguza mkojo unaotengenezwa usiku, inafaa kwa safari au kambi, ila ukiiacha tatizo mara nyingi hurudi. Mtoto asinywe maji kuanzia muda wa saa moja kabla ya kumeza kidonge hadi zipite saa nane nzima tangu akimeze, la sivyo chumvi ya damu inaweza kushuka akapata degedege. Imipramini, kidonge kingine cha tatizo hili, nayo ikizidi hushambulia moyo na inaweza kuua. Ifungie mbali na watoto. Usinunue chochote dukani kwa kuambiwa na jirani.

Wazazi wenzangu, aliye chini ya miaka mitano msimhangaikie kabisa. Aliyezidi hapo, chai na soda za jioni ziondoeni, akojoe kabla ya kupanda kitandani, wekeni nailoni juu ya godoro, na asubuhi mkumbatieni hata kama amelowa. Akisaidia kutandua shuka, iwe kazi ya nyumbani kama kufagia, isiwe adhabu.

Na kabla ya kwenda kliniki, andika kwenye daftari kwa wiki mbili: usiku upi amelowa, amekunywa nini na saa ngapi, choo kinatoka kila baada ya siku ngapi. Daktari atayauliza yote hayo.