Lori la mjomba limelala miaka minne chini ya mwembe. Nianzie wapi?

Swali: Fundi, habari za kazi. Mimi ni mwalimu, naandika kutoka Arua. Mjomba aliyenilea alifariki miaka minne iliyopita akaacha lori lake, Tata 1210, lile lenye pua. Alibeba nalo tumbaku, baadaye simsim na mihogo mikavu hadi Kampala, akirudi na sukari na saruji. Karo yangu yote ilitoka humo. Tangu tumzike limekaa chini ya mwembe, na kuku wanataga kwenye kiti cha dereva. Binamu yangu anataka tuliuze kwa kilo, chuma chakavu. Mimi nataka litembee tena, kwa heshima ya mzee. Fundi mmoja hapa anasema tulete lori jingine tulivute lishike. Mwingine anasema tutupe injini, tuweke 6BD1 ya Isuzu. Nimsikilize nani? Au niache tu, niweke picha yake ukutani?

Jibu: Mwalimu, pole kwa msiba, hata kama siku zimepita.

Nianze na la haraka, maana huenda huyo wa kulivuta yuko njiani na mnyororo. Mrudishe. Lori lililosimama miaka minne haliamshwi kwa kuvutwa. Ringi za pistoni zinaweza kuwa zimeshikana na kutu kwenye silinda, na ukizilazimisha zinakatika au zinachana ukuta. Oili yote imeshuka kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, kwa hiyo beringi za krenki zitaanza kusagana karibu kavu. Na kuna pampu ya dizeli, hiyo ndiyo inayonitisha kuliko yote. Ndani yake mna upau wenye meno, sisi tunauita reki, unaokwenda mbele na nyuma kupima dizeli. Dizeli iliyolala hugeuka gundi. Reki ikiganda mahali pa kutoa mafuta mengi, injini ikishika inapanda mizunguko peke yake. Utaondoa mguu, utachomoa ufunguo, haikusikii, kwa sababu dizeli haina plagi za kukatia moto. Niliiona moja ikijiua hivyo uani kwa mtu. Koni rodi ilitoboa ubavu wa bloku, kipande kikatua kwenye sufuria ya maharage. Hakuumia mtu, ila siku hiyo tulilala na chai.

Sasa huyu wa 6BD1. Hajakosea kabisa. Ni injini ngumu, lita 5.8, na mafundi wengi wanaijua. Lakini ukiiweka kwenye Tata utabadilisha pia vishikio vya injini, kengele ya giaboksi, urefu wa propela, mabomba ya rejeta na nyaya, na namba ya injini kwenye kadi ya gari haitalingana tena. Kwa lori la kukimbia Kampala kila wiki ningekwambia tukae tupige hesabu. Kwako wewe, kabla hata hatujajua kama injini ya mzee ni mbovu, ni sawa na kung'oa jino ambalo halijauma.

Halafu hiyo injini yenyewe ina ukoo. Tata walitengeneza malori kwa ushirikiano na Daimler-Benz kuanzia 1954 hadi 1969, ndiyo maana fundi mzee akifungua ya aina hii husema, "Hii ni Benzi." Tafuta namba kwenye bloku. Ukiona 697, soma hivi: silinda sita, kipenyo milimita 97. Ukiona 692, silinda sita, milimita 92. Ile 697 ina mwendo wa pistoni wa milimita 128, jumla karibu lita 5.7, vipimo vilevile vya injini ya OM 352 iliyovuta Benzi 911. Tata waliendelea kuitumia hata kwenye malori yaliyokuja baada ya 1210, kwa hiyo pistoni, ringi na gasketi si vitu vya makumbusho. Mtu wa spea akikuuliza "Tata gani?", usimjibu 1210 peke yake. Mpe namba ya injini.

Kabla ya spana yoyote, mtafute taniboi wa mzee. Nasema kweli. Dereva wa miaka mingi ana utingo aliyelala chini ya lori hilo Karuma usiku wa mvua, akashika tochi huku mzee akifunga springi kwa kamba ya mpira. Huyo anajua gia ya tatu ilikuwa inaruka au la, rejeta ilizibwa lini, oili ilipotelea wapi. Muulize pia kama mzee alikuwa na daftari. Madereva wa rika lake waliandika kila kitu kwenye daftari la shule: tarehe, kilomita, oili, nozeli za kupulizia dizeli. Tazama chini ya kiti (hapo kwa kuku) na nyuma ya dashibodi. Daftari hilo likipatikana nitalithamini kuliko injini mpya.

Kazi yenyewe ianze polepole. Mtoe nozeli zote sita, kila moja iwekewe alama ya silinda yake. Mwage ndani ya kila tundu vijiko vichache vya oili nyepesi iliyochanganywa na dizeli safi, mfunike kwa kitambaa, mwache siku mbili au tatu. Kisha gia iwe nyutro, mshike nati ya mbele ya krenki kwa spana ndefu, msukume kwa mkono. Kwa mkono, si kwa starta. Ikisogea hata kidogo, rudisheni nyuma, halafu mbele tena, mpaka izunguke mizunguko miwili kamili bila kugonga kitu. Ikikataa, ongezeni oili, mngoje wiki. Mkimwona mtu ameongeza bomba la mita mbili kwenye spana, mnyang'anyeni.

Tangi la dizeli lishushwe, lioshwe. Msilimwage tu. Chini mtakuta maji, kutu, na pengine uteute mweusi kama ugoro uliolowa. Hizo ni vijidudu vinavyoishi kati ya maji na dizeli. Filta zote mpya. Pampu ifunguliwe kifuniko cha ubavuni, reki isukumwe kwa kidole. Lazima iteleze kama droo iliyopakwa sabuni. Ikikwama, pampu iende kwa mtu mwenye mashine ya kuipima, pamoja na nozeli. Hapo usibanie pesa.

Siku ya kuwasha, vuteni waya wa kuzimia, mzungushe kwa starta kwa vipindi vifupi mpaka geji ya oili inyanyuke. Ndipo mrudishe waya na kuiacha ishike. Mtu mmoja asimame kwenye mdomo wa hewa, filta imeondolewa, ameshika ubao bapa mkononi. Injini ikienda wazimu, anaziba pumzi. Ubao, si kiganja: mvuto wake utameza mkono.

Maji sasa, na hapa nitagombana na mafundi wenzangu. Karibu kila lori la zamani ninalopokea halina thamostati. Ukiuliza, unaambiwa, "Niliitoa, huku kwetu ni joto." Thamostati haileti joto, inazuia maji yasizunguke kwenye rejeta kabla injini haijafikia kiwango chake. Ukiitoa, injini inatembea baridi muda mrefu, dizeli isiyoungua inaosha oili kwenye kuta za silinda, ringi zinalika. Nunua mpya. Kama injini inachemka ukiwa nayo, ugonjwa ni rejeta iliyoziba, fenibelti iliyolegea au gasketi ya silinda hedi, na ugonjwa huo hautibiwi kwa kuficha dalili.

Injini ikishanguruma, watu watapiga vigelegele na mtu atataka kulizungusha kijijini. Ufunguo kaa nao wewe. Lori bado halina breki. Mipira ya silinda za magurudumu imekauka au imeshika, na kama ni breki za mafuta, mafuta hayo yamenyonya maji kwa miaka minne. Kila gurudumu livuliwe ngoma, mipira ibadilishwe, mabomba ya chuma yaguswe kwa kidole yote mpaka nyuma. Kama kuna tangi za hewa, zimwagwe maji. Na usitazame manyoya ya tairi kwa macho, tazama umri: ubavuni baada ya herufi DOT kuna tarakimu nne, mbili za wiki na mbili za mwaka. Ukiona 3511, tairi ni ya wiki ya 35 ya 2011, hata ikiwa na meno kama ya mamba ni ya kutupa. Rimu za lori hilo, kama ni zile za pete ya kufungia, zisijazwe upepo na kijana aliyechuchumaa mbele yake. Pete hiyo ikiruka inaua. Iwe ndani ya kizimba cha chuma, au angalau mnyororo umezungushwa, na mpira wa upepo uwe mrefu.

Kingpini, bushi za springi, klachi, mtaona wenyewe. Grisi nyingi na subira.

Mkilazimika kufungua injini chini, krenki ipimwe kwanza kabla ya kununua beringi. Beringi za kusagia huenda kwa hatua za milimita: 0.25, 0.50, 0.75, hadi 1.00. Mtu akikuuzia seti kwenye soko la spea la Kiseka bila kuuliza hatua gani, anakuuzia safari ya pili ya Kampala. Nenda na ya zamani mkononi. Nyuma yake imechapwa kipimo.

Kuhusu binamu. Mimi si mwanasheria, ila nimeona malori mengi yakizozaniwa gereji. Mali ya marehemu haiuzwi kwa kilo kwa sababu mmoja wa familia ana haraka. Familia inapitia ofisi ya Msimamizi Mkuu wa mirathi kupata cheti cha kutokuwa na pingamizi, halafu mahakama inatoa barua za usimamizi, ndipo kadi inaweza kubadilishwa jina. Bila hizo binamu hana la kuuza. Lakini, mwalimu, nawe huna la kumiliki. Mjomba ana mjane? Ana watoto? Kulilinda lisioze hakuna atakayekulaumu. Kulibebesha mizigo ya pesa ni mazungumzo ya kikao, na ni afadhali ufanye kikao kabla hujanunua nozeli. Na yule atakayekutisha kwamba serikali imekataza magari ya zamani, mwambie sheria ya 2018 inahusu kuingiza nchini magari yaliyofikisha miaka 15. Lori lenu liko hapa tangu zamani.

Umeuliza pia, bila kuuliza, ni kipi kibaki ndipo liendelee kuwa la mzee. Mimi ningemwachia usukani wake, hata kama umepasuka. Kiti kishonwe upya juu ya fremu ileile. Maandishi aliyochora kwenye ubao wa mbele yasifutwe na mtu wa rangi, mwambie azunguke. Bodi ya mbao ikiwa ni mvule huenda bado nzima, badilisha zilizooza tu. Matairi, mipira, mabomba, filta, vyote hivyo yeye mwenyewe alibadilisha mara nyingi na hakuvililia. Rangi iwe ya mwisho kabisa. Nimeona familia zikianza na rangi: lori linang'aa uani, halitoki.

Na likishatoka lipe kazi nyepesi. Matofali, kuni za shule, mahindi ya jirani hadi Koboko na kurudi. Kila wiki lipate moto kamili, si kuwashwa dakika tano uani kisha kuzimwa. Hizo dakika tano zinaacha maji ndani ya oili na ndani ya bomba la moshi. Kampala lisiende mwaka huu.

Kwa hiyo Jumamosi fanya jambo moja tu. Hamisha kuku, chukua karai safi, legeza nati ya sampu kidogo sana, usiitoe. Maji ni mazito kuliko oili, hukaa chini, yakiwepo yatatangulia. Yakitoka maji, usimwite mtu yeyote wa kuwasha. Pima ni kiasi gani, kikombe au jagi, uangalie kama yana rangi ya kutu, kisha niandikie. Ikitoka oili nyeusi tupu, mpigie taniboi simu.