Nimempa mtu namba sita za WhatsApp: je, amesoma mazungumzo yangu?

Swali: Nilipata ujumbe wa WhatsApp kutoka namba ya shangazi yangu: "Mwanangu, nimekosea, kuna namba sita zimekuja kwako, nitumie haraka." Nikamtumia. Muda si mrefu WhatsApp yangu ikajifunga, na ndugu wakaanza kuombwa pesa kwa jina langu. Je, mtu huyo amesoma mazungumzo yangu yote? Nibadilishe laini? (Msomaji, Tanga)

Jibu: Pole sana. Laini usiitupe, kwa kuwa ndiyo itakayokurudishia akaunti.

Aliyekuandikia si shangazi, bali ni mtu aliyekwisha kumpokonya shangazi akaunti yake kwa hila hiyohiyo. Alifungua WhatsApp kwenye simu yake, akaandika namba yako, nayo programu ikatuma namba sita kwenye laini yako ili kuhakikisha kwamba anayejisajili ndiye mwenye namba. Ulipomtumia, yeye akahesabiwa kuwa mwenyewe, nawe ukatolewa. Ukiutazama tena ujumbe ule mfupi utaona tarakimu zimepangwa tatu kwa tatu, zikifuatiwa na onyo la kutompa mtu yeyote. Onyo hilo mara nyingi huja kwa Kiingereza, na anayeharakia kumsaidia shangazi hana muda wa kulisoma.

Mazungumzo yako ya nyuma hakuyaona. Ujumbe wa WhatsApp ukishamfikia mtu hukaa ndani ya simu yake, kwa hiyo mwizi alipoingia alikuta ukurasa mtupu. Nakala rudufu, yaani nakala ya akiba ya mazungumzo hayo, kama unaihifadhi kwenye akaunti yako ya Google, ina nywila yake, na namba zile sita haziifungui. Alichokipata ni makundi uliyomo, pamoja na wanachama wake na kila kilichoandikwa humo baada ya yeye kuingia, na bila shaka huko ndiko alikowapata ndugu zako.

Sasa fungua WhatsApp kwenye simu yenye laini yako, andika namba yako, kisha ingiza namba sita mpya utakazoletewa. Mwizi atatoka papo hapo. Ukidaiwa PIN ambayo hukuiweka wewe, jua ameiweka yeye, na huenda ukalazimika kusubiri siku 7 kabla ya kuingia bila PIN hiyo. Siku hizo zinaudhi, lakini yeye naye hayumo tena. Usikae kubahatisha PIN. Ukisharudi, ingia kwenye mipangilio ya akaunti, washa uthibitishaji wa hatua mbili kwa PIN yako mwenyewe na uongeze barua pepe, kisha kagua orodha ya vifaa vilivyounganishwa na kuondoa usichokitambua. Kama alikushawishi pia kupiga namba yoyote yenye nyota na alama ya reli, piga ##002# ili kufuta uelekezaji wa simu, yaani simu zako kupelekwa kwenye namba nyingine, kwani WhatsApp huweza kuzisoma namba zile sita kwa kupiga simu, na simu hiyo ingemwendea yeye.

Ndugu zako wapigie simu ya kawaida, wasikie sauti yako. Aliyekwisha kutuma pesa awasiliane mara moja na huduma kwa wateja ya mtandao aliotumia, kwani pesa ambayo haijatolewa kwa wakala huenda ikazuiwa, kisha atoe taarifa polisi. Shangazi naye mpigie, maana huenda hadi sasa anadhani simu yake imeharibika tu.