Usikate Nyasi Mwezi Desemba: Kumtunza Nondo-Jua wa Dhahabu

Kila Novemba tunaulizwa swali lile lile na wanaosimamia vipande vya nyasi za asili: zimerefuka, tuzikate? Kama hapo pana nondo-jua wa dhahabu, Synemon plana, mdudu wa jamii ya vipepeo, usikate. Ngoja hadi msimu wake wa kuruka uishe, kwa kawaida Januari.

Nondo huyu hupatikana kusini-mashariki mwa Australia tu: Victoria, New South Wales na eneo la Canberra. Mwaka 2002 serikali ilimworodhesha kuwa katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Mwaka 2021 aliteremshwa ngazi kwa sababu makundi mengi zaidi yaligunduliwa, na tunasikitika kwamba wengine wamechukulia hilo kama ruhusa ya kulegea.

Nondo aliyekomaa hana mdomo unaoweza kula. Huishi siku chache kwa akiba aliyojilimbikizia akiwa kiwavi ardhini, akila mizizi ya nyasi, hasa nyasi za asili ziitwazo Rytidosperma. Dume huruka. Jike huruka kwa shida, kwa hiyo hukaa chini penye uwazi na kufunua mbawa za nyuma za rangi ya chungwa ili dume amwone. Nyasi zikisongamana, haonekani. Dume naye ni nadra kwenda zaidi ya mita 100 nje ya makazi yake. Ndiyo maana vipande vilivyoachana kwa zaidi ya mita 200 huhesabiwa kuwa makundi mbalimbali: kundi moja likifa, usitegemee jirani kulifufua.

Kabla ya kusema hayupo, mtafute ipasavyo. Chagua siku ya jua kali na upepo hafifu, joto likiwa limevuka nyuzi 20 kufikia saa nne asubuhi, na mvua iwe imekatika siku mbili. Tembea kwa mistari iliyonyooka hadi saa nane mchana, ukitazama madume yanayopita kasi kama mita moja juu ya ardhi. Rudia walau mara nne, kila baada ya wiki. Chunguza pia mashina ya nyasi: maganda ya pupa, yaani hatua kati ya kiwavi na nondo, hubaki yamechomoza kwenye udongo.

Msimu ukiisha, kata sehemu moja tu ya eneo, nyingine iache hadi mwaka mwingine. Zoa majani yaliyokatwa, maana yakilala hapo hufunika udongo ambao jike anauhitaji. Usilime, usiweke mbolea ya fosfeti, kwani hunenepesha nyasi za kigeni. Na tafadhali, usipande miti. Kivuli kinaua makazi haya hata kama nia ni njema.

Kazi ngumu kuliko zote ni Nassella neesiana, nyasi vamizi kutoka Amerika Kusini. Ni gugu linalopaswa kudhibitiwa, lakini viwavi wa nondo huyu hula mizizi yake pia. Ukipulizia dawa eneo zima kwa mara moja, unawaua kwa njaa. Osha mashine ya kukatia kabla ya kuihamisha, maana mbegu za gugu hilo hunasa kila mahali. Kisha ling'oe ukanda kwa ukanda, ukipanda Rytidosperma nyuma yako. Ukanda wa pili usiguswe mpaka nyasi za ukanda wa kwanza zishike mizizi na kutoa mbegu zenyewe.