Mpira unaosikika, na bomba la kuviringishia

SWALI: Binti yangu ana miaka minane, haoni kabisa. Kaka zake wakicheza mpira uani, yeye huketi barazani akiwasikiliza. Nilifunga njuga katikati ya mpira wa matambara, lakini hausikiki. Nifanyeje?
Mama wa watoto watatu, Morogoro

JIBU: Mama, matambara ndiyo yaliyomeza sauti. Njuga hutaka nafasi ya kurukaruka na tundu la kutolea mlio. Ndiyo maana mpira wa golboli, mchezo wa wasioona uliobuniwa mwaka 1946 kwa ajili ya askari waliopofuka vitani, una uwazi ndani na matundu nje.

Nyumbani iko njia rahisi zaidi. Chukua mpira wa kawaida namba 3, upunguze upepo kidogo usidunde sana. Uzungushie pakiti kavu za krispi au plastiki ya mkate, ile inayochakarika. Kisha uvalishe mfuko wa wavu wa vitunguu na ushone mdomo kwa uzi wa nailoni. Usiubane mno, kwa sababu plastiki iliyokazwa hainung'uniki. Ikilowa umande pia hunyamaza, basi weka pakiti za akiba. Vizibo vya soda usivitie, kingo zake hukata mikono.

Mpira huu una kasoro moja: ukisimama, hausikiki. Kwa hiyo wasipige teke, waviringishe kwa mkono, na anayeviringisha aseme kwanza "Natuma!" Ukimpotea binti, mtu apige makofi pale ulipo badala ya kumpelekea mkononi.

Uwanja rasmi wa golboli ni mita 18 kwa 9. Kwenu nusu ya kila upande inatosha, mita 9 kwa 4.5, na goli liwe upana wote wa mstari wa nyuma. Mipaka aione kwa vidole na nyayo: tandika kamba ya katani ardhini, ifukie nusu unene wake, vigingi uvizamishe kabisa. Kamba iliyoinuliwa, hata kidogo, humwangusha mtoto siku ya kwanza, na ya pili hataki kurudi. Kwenye sakafu, pitisha uzi mnene chini ya selotepu pana. Wanaozuia hujilaza chini kwa ubavu, hivyo waondoe mawe na watandike mikeka.

Na kaka zake wafungwe macho kwa kitambaa cheusi kilichokunjwa mara nne, wote, bila msamaha. Wasipofungwa watakuwa wanamwachia mabao, na mtoto hujua upesi anapoachiwa. Watazamaji wakae kimya mpaka bao liingie, redio izimwe.

SWALI: Mwanangu ana mtindio wa ubongo. Anatumia kiti mwendo na mikono yake imekakamaa, hawezi kurusha kitu. Kuna mchezo wowote?
Baba, Mombasa

JIBU: Upo, unaitwa bochia, na uko Paralimpiki tangu 1984. Kila upande una mipira 6, na anayesogeza mipira yake karibu zaidi na mpira mweupe wa shabaha ndiye mshindi. Asiyeweza kurusha hutumia mteremko.

Kwa mteremko huo, nunua bomba la plastiki la maji machafu, inchi 4, urefu wa mita 1.2. Juu liegemee ukingo wa kiti, chini liguse sakafu. Likisimama wima mno, mpira hugonga sakafu na kuruka ovyo. Mipira ishoneni kwa kitambaa kigumu, upana wa sentimita 8 hivi, mjaze choroko na kuishindilia barabara. Ikilegea hutandazika na kukwama bombani. Yeye ausukume mpira kwa kidole, kidevu au fimbo iliyofungwa kichwani.

Kabla ya kuanza, fungeni breki, makalio yafike nyuma ya kiti, na miguu ipate pa kukanyaga. Mwili usiposhikiliwa, nguvu zote huishia kwenye kujizuia asianguke.

Msaidizi anayeshika bomba hukaa akiupa uwanja mgongo. Hiyo ni sheria ya mchezo wenyewe: mtoto ndiye anayeona, ndiye anayeelekeza kushoto au kulia, kwa neno au kwa jicho. Akichelewa kujibu, hesabu kimoyomoyo hadi kumi kabla ya kuuliza tena. Kelele za ghafla humshtua na kumkakamaza, kwa hiyo ndugu washangilie baada ya mpira kusimama, waanze kwa sauti ndogo.