Kabla ya kubishania bei ya kahawa, uliza nani anangoja

Ukianza kazi ya uchumi au sera hapa Moshi, ubishi wa kwanza utakaokukuta ni wa kahawa. Mkulima auze kupitia AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika, peke yake, au aachwe amuuzie yeyote anayefika kijijini na fedha mkononi? Utaulizwa msimamo wako kabla hujaijua njia ya kwenda Kibosho. Nakuomba usikimbilie kujibu. Jiulize kwanza: tangu mkulima anapovuna hadi fedha ya mnada wa kahawa inapomfikia, nani anangoja, na kungoja huko kunalipwa na nani?

Ubishi wenyewe ni mkongwe kuliko taifa letu. Wakulima wa mlimani walikuwa na chama chao tangu 1925, na mwaka 1933 ikazaliwa KNCU, chama kikuu cha ushirika cha Kilimanjaro. Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika, vikarudishwa miaka ya themanini. Msimu wa 1994/95 wanunuzi binafsi wakaruhusiwa kuingia vijijini, na mwaka 2018 serikali ikaamua tena kwamba kahawa ipite kwenye vyama. Mtafiti anayeanza huiona historia hii akafurahi: mlima uleule, mibuni ileile, kanuni zikibadilika mara kwa mara. Anadhani atalinganisha enzi moja na nyingine na jibu litajitokeza lenyewe.

Halitajitokeza. Mkataba wa kimataifa wa kahawa uliokuwa ukigawa mgao wa mauzo kwa nchi zinazozalisha ulivunjika mwaka 1989, bei ikaporomoka dunia nzima. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 arabika, aina ya kahawa inayolimwa mlimani hapa, ilishuka kwenye soko la New York hadi chini ya senti 50 za dola kwa ratili (karibu nusu kilo). Februari 2025 ilivuka dola 4. Mzee akikwambia enzi fulani kahawa ilisomesha watoto, anakwambia kweli, lakini wewe una kazi ya kutenganisha kilichotoka kwenye kanuni zetu na kilichotoka kwenye ukame wa Brazili. Usipofanya hivyo utaisifu sera iliyobahatika tu, au kuilaani iliyokutwa na mwaka mbaya.

Hesabu za bei nazo zina mtego. New York wanataja kahawa safi, iliyokwisha kukobolewa, tena kwa ratili. Mkulima wa Kilimanjaro hupeleka chamani kahawa iliyomenywa na kukaushwa ikiwa bado na ganda lake jembamba. Tufanye bei ya dunia ni senti 200 kwa ratili: hiyo ni karibu dola 4.40 kwa kilo ya kahawa safi. Ukikoboa, kilo moja ya mkulima inabaki kama asilimia 80, kwa hiyo kilo aliyoishika mkononi inalingana na dola 3.50 hivi, na hapo hujagusa ukoboaji, magunia, usafiri, ada wala riba. Wapo wanaotangaza dhuluma kwa kulinganisha vitu viwili tofauti. Dhuluma ikiwapo, inaonekana vizuri zaidi baada ya hesabu sahihi, na huo ndio ushahidi ambao hakuna atakayeupangua kwenye kikao.

Sasa turudi kwenye kungoja, maana hapa ndipo penye moyo wa jambo. Chama kinapokusanya kahawa, hakina fedha ya mnada bado. Kinakopa benki, kinatoa malipo ya awali, kisha mnada ukifanyika kinarudisha mkopo na riba, kinaondoa makato yake, na kilichobaki kinakuwa malipo ya pili. Mnunuzi binafsi naye hulipa papo hapo, lakini bei yake ya chini tayari imebeba riba yake, safari zake na hofu yake kwamba soko litashuka. Njia zote mbili zinamtoza mkulima gharama ya muda. Tofauti ni kwamba moja inaiandika kwenye orodha ya makato na nyingine inaificha ndani ya bei. Kijana aliyesoma uchumi akilielewa hili, hatakubali tena kuambiwa kwamba chama kinakata na mnunuzi hakati.

Anayeumia zaidi ni yule asiyeweza kusubiri kabisa. Kule Kagera kuna jina la mauzo ya kahawa ikiwa bado mtini, hata ikiwa maua: butura. Serikali imeikataza, na bado inaendelea, kwa sababu marufuku haimpi mtu fedha ya hospitali usiku wa leo. Ukitaka kupambana na butura, tafuta nani mwingine atamkopesha mkulima yule na kwa riba gani. Mengine yote ni hotuba.

Kuna jambo moja la 1994 ambalo natamani kila anayeanza alijue. Kabla ya hapo chama kilikuwa kinawapa wakulima dawa na mbolea kwa mkopo, kikijua kitakata kwenye kahawa. Walipokuja wanunuzi wengine, mkulima aliweza kuuza kwao na deni likabaki chamani. Ushindani ulimpa fedha taslimu, na papo hapo ukakata mkono uliokuwa ukimkopesha dawa ya kupambana na magonjwa ya mibuni kama chulebuni na kutu ya majani. Waliotetea soko huria waliona fedha taslimu. Waliotetea ushirika waliona mibuni isiyopuliziwa. Wote walikuwa wanasema kweli, kila mmoja akiishikilia nusu yake.

Kwa hiyo ukiandika dodoso, usiulize bei peke yake. Weka safu ya tarehe: kahawa ilipimwa lini, malipo ya awali yalikuja lini, ya pili lini. Muulize mama wa kihamba, shamba la nyumbani la Wachaga, na mumewe kila mmoja peke yake, kwa sababu anayechuma na anayesaini malipo mara nyingi si mtu mmoja. Omba kuona hesabu zilizokaguliwa na COASCO, shirika la ukaguzi wa vyama vya ushirika, usome mstari wa riba kabla ya mstari wa faida. Hudhuria mkutano mkuu wa chama ukae nyuma, usikilize ni makato gani yanayowafanya wanachama wasimame.

Na ukitafuta mada ya utafiti, ipo mezani. Benki ya Ushirika Tanzania ilizinduliwa Aprili 2025, ikiwa imekua kutokana na Benki ya Ushirika Kilimanjaro ya hapahapa Moshi. Chukua vyama vichache vya mlimani, ufuatilie msimu mzima riba wanayotozwa kwa mkopo wa malipo ya awali, ulinganishe na waliokopa kwingine, kisha uone ni shilingi ngapi za tofauti hiyo zinazomfikia mkulima.