Maelezo ya modeli za hali fiche yaanze na mfano unaohakikika

Kazi yangu kwa miaka kadhaa imekuwa kuandika na kuhariri maelezo ya programu za ekonometriki, yaani takwimu za uchumi. Hakuna sehemu inayoleta maswali mengi kama modeli za hali fiche, zile zinazokisia kitu kisichoonekana moja kwa moja kutokana na vipimo vyenye kelele, na zinazokadiriwa kwa kichujio cha Kalman, kanuni inayosahihisha makisio kila kipimo kipya kinapoingia. Ukiziandikia maelezo, mfano wa kwanza uwe mdogo na jibu lake liwe linajulikana tayari.

Data ya mtiririko wa mto Nile pale Aswan, 1871 hadi 1970, inafaa sana. Ni namba 100 tu. Modeli ya kiwango kinachobadilika, inayochukulia kwamba kiwango halisi cha mto husogea kidogo kila mwaka, ina variansi (vipimo vya mtawanyiko) mbili za kukadiria: ya kelele za vipimo, takriban 15,099, na ya mabadiliko ya kiwango, takriban 1,469. Msomaji akizipata kwenye kompyuta yake, anaendelea kwa uhakika. Mfano wa uchumi mzima wenye hali kumi na kitu haumpi nafasi hiyo, hata uvutie vipi.

Ninachokipigania zaidi ni hali ya mwanzo, yaani makisio ya kiwango kabla ya kipimo chochote kuingia. Mara nyingi huandikwa tu kwamba variansi ya mwanzo “ni kubwa”. Kubwa kuliko nini? Tuseme ni 1,000,000, na wastani wa mwanzo ni sifuri. Kipimo cha mwaka 1871 ni 1,120. Gawa 1,000,000 kwa 1,015,099 (yaani 1,000,000 jumlisha 15,099 ya kelele), unapata kama 0.985; zidisha kwa 1,120, kwa hiyo kichujio kinakadiria kiwango cha mwaka huo kuwa 1,103 hivi. Hizo 17 zilizopungua zimetokana na chaguo letu, mto haukuhusika. Ukibadilisha vizio vya data, pengo nalo linabadilika. Mwonyeshe msomaji hesabu hii waziwazi.

Ukubwa wa kila matriksi (jedwali la namba) ya modeli uandikwe, hilo halina mjadala. Taja pia hali ya mwanzo ni ya wakati gani: kifurushi cha dlm cha lugha ya programu ya R huanzia hali ya hatua sifuri, kabla ya kipimo cha kwanza, ilhali kifurushi cha statsmodels cha lugha ya Python huanzia hatua ya kwanza. Anayehama huku kwenda kule asipoambiwa, atahangaika bure.

Halafu futa vipimo vya 1891 hadi 1910 uendeshe kichujio tena. Kiwango kinabaki palepale, na variansi yake inaongezeka kwa 1,469 kila mwaka. Weka mchoro wake pamoja na msimbo mzima wa programu, kuanzia kusoma data mpaka kuchora, iendeshwe bila kuongezwa hata mstari.